Maikrowevu Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Kigoma

Tuanze na jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Maikrowevu haikusongei ugali wa muhogo, na ukitaka kuchemshia maharage ya Kasulu utamaliza yuniti za LUKU kabla hayajaiva. Ugali unataka mwiko na mkono, maharage yanataka muda na moto wa polepole. Mashine hii inalishinda jiko la mkaa na la gesi katika kazi tatu: kupasha kiporo sahani moja moja, kuyeyusha samaki aliyeganda, na kupata kikombe cha maji ya moto bila kuwasha jiko. Nyumba ambayo watoto wanakula saa moja, baba anaingia saa tatu na dada anarudi zamu saa tano usiku itaiona faida yake mapema. Na Ramadhani kule Ujiji, saa kumi alfajiri, chakula kilichobaki usiku kinakuwa daku ndani ya dakika tatu, mkaa ukiwa bado umo guniani.

Wanaolalamika kwamba chakula kinakauka, kinaungua pembeni na kubaki baridi katikati, au kinarukia kuta za ndani, mara nyingi mashine yao ni nzima. Hawajaonyeshwa tu namna ya kuitumia.

Inapashaje

Ndani kuna kifaa kiitwacho magnetroni kinachotoa mawimbi ya megahezi 2,450. Mawimbi hayo yakikutana na maji yaliyomo kwenye chakula, chembe za maji zinageukageuka kwa kasi kubwa na joto linazaliwa hapo hapo. Uwezo huo uligunduliwa mwaka 1945 na Percy Spencer, mfanyakazi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya rada: alisimama karibu na magnetroni, chokoleti iliyokuwa mfukoni ikayeyuka. Mashine za kwanza za kuuzwa zilitoka miaka miwili baadaye, zikiwa na urefu wa mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu. Kwanza, kinachopata moto haraka ni chenye maji, kwa hiyo chakula kikavu kinaumia. Pili, mawimbi yanaingia sentimita mbili au tatu tu kutoka juu. Zaidi ya hapo joto linasafiri lenyewe taratibu, na ile hadithi kwamba maikrowevu inapika kuanzia ndani kuja nje si ya kweli. Tatu, mawimbi hayaenei sawasawa, yana sehemu kali na sehemu dhaifu. Ndiyo maana kuna sahani ya kioo inayozunguka, na ndiyo maana utaambiwa ukoroge.

Kuhusu mionzi, kwa sababu hakuna nyumba isiyouliza: mawimbi haya si ya jamii ya eksirei. Kazi yanayoiweza ni kupasha moto. Mashine ikizima nayo yanakoma, kama taa, na chakula hakibaki na kitu. Wavu wa chuma unaouona kwenye kioo cha mlango una vitundu vidogo mno, wakati wimbi lenyewe lina urefu wa karibu sentimita 12, hivyo halipiti. Hatari ya kweli iko kwenye mlango ulioharibika: umepinda, haufungi sawasawa, bawaba zinacheza, au kioo kina ufa. Mashine ya namna hiyo haiwashwi, hata mara moja tu ya kumalizia.

Unapoinunua

Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kabla hujauliza bei. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo kiandikwe 220–240V, 50Hz. Ndugu aliyeko Marekani akikuletea zawadi, itakuwa ya volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka ukutani inaungua. Hata transfoma ya kushushia umeme inasaidia nusu, maana hezi zinabaki 50. Mwambie mapema akutumie kitu kingine.

Kibandiko kina namba mbili za wati na watu wanazichanganya. Moja ni nguvu inayofika kwenye chakula, mara nyingi 700 kwa mashine za lita 20. Nyingine ni umeme inaoula kutoka ukutani, ambao huwa wati 1,100 hadi 1,200. Ya kwanza inakupa muda wa kupasha, ya pili inakuhusu kwenye waya na LUKU. Lita 20 zinatosha familia ya kawaida. Kabla ya kulipa, hakikisha sahani yako kubwa kuliko zote inazunguka ndani bila kugusa kuta. Zenye grili na zenye joto la kuokea zipo, na bei yake ni kubwa. Kama kazi yako ni kiporo na samaki, utakuwa umelipia vitufe ambavyo hutavigusa.

Vitasa vya kuzungusha au vitufe vya kubonyeza? Kwa huku kwetu mimi nachagua vitasa. Ni viwili tu, nguvu na muda, havina saa ya kupangwa upya kila umeme unapokatika, bibi anavielewa siku ya kwanza, na mende hawana paneli ya kuiharibu. Ila vina tabia moja: umeme ukikatika kitasa cha muda kikiwa njiani, mashine nyingi zinaanza tena zenyewe umeme ukirudi, hata kama chakula umeshakitoa. Rudisha kitasa sifuri mara moja.

Ikiwa ni ya mtumba, muombe muuzaji aichomeke mbele yako na kikombe cha maji ndani. Funga na kufungua mlango mara kadhaa. Ukiuvuta mashine ikiwa inafanya kazi, lazima ikate papo hapo. Angalia kutu ndani, hasa kwenye pembe za chini. Hata mpya ikague. Boksi lililotoka Dar es Salaam kwa treni au lori limekula zaidi ya kilomita 1,200 mpaka kufika dukani Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mlango ndio unaoumia kwanza.

Kuiweka na kuichomeka

1. Tafuta meza imara, iliyonyooka, mbali na jiko la gesi au mkaa na mbali na karo. Mashine ina uzito wa zaidi ya kilo 10. Iwe chini ya usawa wa mabega, ili mtu asishushe bakuli la mchuzi wa moto kutokea juu ya uso wake.

2. Iache ipumue: sentimita 10 nyuma na pembeni, 20 hadi 30 juu. Kile kitambaa cha kufuma cha kufunikia, pamoja na maua yake, kinaziba matundu ya hewa. Kitoe kila unapowasha, au bora ukipeleke kwenye kochi.

3. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye pini tatu. Ile pini ndefu ya juu ni ya ethi. Ndiyo inayokuokoa bodi ya chuma ikipata shoti. Usiikate, usitumie adapta ya pini mbili.

4. Usiichanganye na birika la umeme au pasi kwenye ekstensheni moja. Hesabu ni hii: maikrowevu wati 1,200 na birika wati 2,000 ni 3,200, ukigawa kwa volti 230 unapata karibu ampea 14, wakati plagi yenyewe ina fyuzi ya ampea 13. Zile ekstensheni nyembamba za bei ya chee haziwezi hata kabla ya kufika hapo; zinaanza kulainika na kutoa harufu ya plastiki.

5. Weka kinga ya umeme kati ya soketi na mashine. Ila friji gadi ya ampea 5 haitoshi, maana maikrowevu peke yake inavuta zaidi ya 5. Tafuta ya ampea 13.

Kigoma iliishi miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli, na mazoea ya kuchomoa vitu umeme unapokatika wengi tunayo tayari. Endelea nayo. Umeme ukirudi subiri dakika tano hivi utulie ndipo uchomeke. Jioni umeme unapokuwa mdogo, utasikia muungurumo wa mashine umebadilika na chakula kinachelewa. Ongeza muda, na kama taa zinafifia kabisa acha mpaka utulie. Kwa wenye sola za nyumbani huko vijijini, zile za taa, redio na kuchajia simu, kifaa hiki si chenu. Kinahitaji inveta kubwa, ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, yenye wimbi safi, na betri za maana.

Vyombo

Hapa ndipo ajali nyingi zinapoanzia, kwa sababu makabati yetu yamechanganya kila kitu.

Vinavyofaa: bakuli na vikombe vya kioo kinachostahimili moto, sahani za udongo mweupe zisizo na mapambo ya dhahabu au fedha, na plastiki ngumu iliyoandikwa chini kwamba inaruhusiwa kwenye maikrowevu. Plastiki nyingi za aina hiyo zina pembetatu yenye namba 5, lakini namba peke yake isikutoshe. Tafuta alama ya maikrowevu au mawimbi.

Visivyofaa ni vingi. Sufuria, hotipoti, vijiko, uma, foili na kopo lolote la bati vinatoa cheche. Kuwa makini na zile sahani na vikombe vya bati vilivyopakwa rangi nyeupe ukingo wa bluu, ambavyo bibi zetu wanavyo tangu zamani: vinaonekana kama vya udongo lakini ndani ni chuma kitupu. Gonga na kucha, utasikia. Melamaini nayo inadanganya macho. Ni nyepesi, ina maua mazuri, imejaa kwenye kila shughuli, lakini ni aina ya plastiki inayopata moto yenyewe, inapasuka, na inaweza kuachia kemikali kwenye chakula. Makopo ya siagi na ya aiskrimu yalitengenezwa kubeba vitu baridi, yanapinda. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu kimenyonya maji kwenye kuta zake, hivyo kinaunguza mkono na kinaweza kupasuka. Gazeti na mfuko wa khaki vinashika moto.

Ukiwa na mashaka na bakuli lisilo la chuma, lijaribu. Liweke tupu ndani, pembeni yake weka glasi ya maji, washa dakika moja kwa nguvu ya juu. Maji yakipata moto na bakuli likabaki baridi, linafaa. Bakuli likiwa la moto, lirudishe kabatini. Ile glasi ya maji ni lazima, maana mashine haiwashwi tupu: mawimbi yakikosa cha kupasha yanarudi kwenye magnetroni na kuiua.

Jingine la kwetu ni mawese. Mafuta yanapita nyuzi 100 kirahisi, jambo ambalo maji kwa kawaida hayafanyi. Pasha mchuzi wa mawese kwenye boksi la plastiki, hata lile linaloruhusiwa, kisha lioshe uliangalie vizuri: pale mafuta yalipokuwa yanaelea utakuta mstari wa vitundu vidogo kuzunguka ukuta mzima, plastiki imekwanguka, na rangi ya chungwa imeingia haitoki hata kwa sabuni ya unga. Hicho kilichokwanguka kimeenda kwenye mchuzi. Mawese yapashwe kwenye kioo au udongo mweupe.

Kupasha kiporo, hatua kwa hatua

Kabla ya mashine kuna swali la kiporo chenyewe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la kando ya ziwa mwezi wa tisa ningesema upesi zaidi. Kigawe kwenye vyombo vidogo kipoe haraka, kiingie friji. Wali una tatizo lake: kuna bakteria wanaostahimili kuchemshwa, na wali ukilala kwenye sufuria juu ya meza wanaacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali uliolala nje usiku kucha haupashwi. Unamwagwa.

Ukishakuwa na kiporo salama:

1. Tandaza chakula kwenye sahani, kiwe kingi pembeni na katikati pawe wazi au pembamba. Pembeni ndipo joto linapofika kwanza.

2. Nyunyiza maji. Kijiko kimoja cha chakula kwa sahani ya wali au pilau kinatosha. Yatageuka mvuke na punje zitaachana tena.

3. Funika, lakini usizibe. Sahani nyingine iliyogeuzwa juu inafaa, au kifuniko chenye tundu. Chombo kilichozibwa kabisa kinajaa mvuke na kufyatuka.

4. Washa nusu ya muda. Fungua, koroga au geuza, kisha malizia. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, halafu wanalaumu mashine.

5. Acha kitulie dakika moja au mbili kabla ya kula, joto lijieneze. Funua kifuniko kwa upande ulio mbali na uso wako. Mvuke wake unachubua.

6. Onja katikati. Chakula kiwe cha moto kabisa kote, mvuke ukitoka, angalau nyuzi 74 kwa mwenye kipimajoto. Kisirudishwe friji kupashwa tena mara ya tatu. Pasha kile tu kitakacholiwa.

Kwa mashine ya wati 700, nguvu ya juu, anzia hapa kisha urekebishe kulingana na yako. Sahani ya wali, dakika mbili hadi tatu. Bakuli la maharage au mchuzi, mbili na nusu hadi tatu, ukikoroga katikati. Chapati moja iliyofungwa kwenye tishu ya jikoni iliyoloweshwa kidogo, sekunde 20 hadi 30. Ukizidisha inakuwa ngumu, na haina kurudi nyuma. Andazi sekunde 15 tu. Ugali wa jana ukate vipande, nyunyizia maji, funika, dakika moja na nusu. Wa mahindi unarudi vizuri. Wa muhogo unavutika na kunata, na kwa maoni yangu heri usonge mpya. Kiazi kitamu cha wastani kioshe, kitoboe kwa uma pande zote, dakika tano au sita ukikigeuza katikati: hiki kinaiva kabisa humu, na ni kitu kizuri mno cha asubuhi na chai.

Kwenye mashine za vitasa, muda ulio chini ya dakika mbili haupimwi sawasawa. Zungusha kupita mbili, kisha rudisha nyuma kwenye unachotaka.

Muhogo mbichi vipandevipande na maji kidogo unaiva pia, ila uwe muhogo mtamu. Mchungu unaondolewa sumu kwa kuloweka na kuanika kama wazee walivyofundisha, na hakuna kitufe kinachochukua nafasi ya hayo.

Samaki

Mtu akinunua migebuka Kibirizi asubuhi na kuigandisha, jioni ataikuta jiwe. Usiipige nguvu ya juu. Mikia itaiva huku tumbo likiwa barafu. Weka kitasa kwenye alama ya kuyeyusha, ambayo kwa kawaida huwa kama asilimia 30 ya nguvu. Utasikia mashine inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena. Hivyo ndivyo inavyopunguza nguvu, kwa kuwasha na kuzima, haijaharibika. Kwa nusu kilo hesabu dakika nane hadi kumi. Kila baada ya dakika mbili au tatu geuza, tenganisha iliyoanza kuachana, mwaga maji yaliyotoka. Toa samaki akiwa bado na ubaridi kidogo katikati, na mpike muda huo huo. Akishapata uvuguvugu, kumrudisha friji ni kualika ugonjwa.

Samaki wa kukaanga akipashwa humu analegea. Kikaango na moto mdogo vinamrudishia ukavu wake. Wa mchuzi anapasha vizuri sana kwa nguvu ya kati, akifunikwa, ila jirani naye atajua mnakula nini. Dagaa wakavu waache kabisa: hawana maji ya kutosha, wanaungua na moshi wake unakaa mashineni wiki nzima. Sufuria kavu juu ya moto ndiyo kazi yao.

Vinavyolipuka na vinavyounguza

Yai lenye ganda halipashwi, liwe bichi au la kuchemsha. Hata lililomenywa linaweza kulipuka mdomoni baada ya kutoka, kwa sababu mvuke umebanwa ndani ya kiini. Likate vipande kwanza. Maini, soseji, nyanya nzima, chochote chenye ngozi, kitoboe.

Maji ya chai yana hatari ambayo wengi hawaijui. Kwenye kikombe laini cha kioo yanaweza kupita joto la kuchemka bila kutoa povu hata moja, yakionekana yametulia. Ukitia sukari au kijiko, yanafumuka yote kwa mara moja usoni. Weka kijiko cha mbao au kijiti ndani kabla ya kuwasha, usizidishe dakika mbili kwa kikombe, na yaache sekunde 30 kabla ya kuyagusa.

Maziwa ya mtoto mchanga, ya mama au ya kopo, hayapashwi kwenye maikrowevu. Chupa itakuwa vuguvugu mkononi huku katikati kukiwa na sehemu inayounguza koo. Isimamishe kwenye bakuli la maji ya moto. Uji wa mtoto mkubwa kidogo unaweza kupashwa, mradi ukorogwe sana na mama au dada auonje kwanza.

Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Zima ukutani, chomoa, acha mlango umefungwa mpaka moto ukose hewa. Usimwage maji kwenye mashine iliyochomekwa.

Usafi na mende

Futa mchuzi uliomwagika siku hiyo hiyo. Ulioganda ukutani unaendelea kuungua kila unapowasha, na mwishowe unatoa cheche. Kwa uchafu wa zamani weka bakuli la maji na ndimu iliyokatwa, pamoja na kile kijiti, washa dakika tatu, acha mlango umefungwa dakika tano nyingine. Chomoa, toa bakuli kwa tahadhari, futa kwa kitambaa laini. Steelwire na visu vinachubua rangi ya ndani, na pale palipochubuka kutu inaingia. Sahani ya kioo ioshe ikishapoa. Toa na ile ringi yenye magurudumu uisafishe chini yake, maana sahani inayokwamakwama mara nyingi imezuiwa na punje ya wali tu. Futa pia ukingo wa mlango pande zote.

Ukutani, upande wa kulia kwa mashine nyingi, kuna kikaratasi kigumu cha rangi ya kijivu au kahawia. Ni maika, kinalinda njia ya mawimbi. Usikibandue ukidhani ni cha boksi. Kikijaa mafuta au kikitoboka, cheche zinaanza hapo. Kinauzwa kama shiti na kukatwa kwa mkasi kulingana na ukubwa.

Mende wanapenda joto na giza la ndani ya paneli, na wakishataga humo vitufe vinaanza kujibonyeza. Usipulize dawa kwenye matundu. Sogeza mashine kila wiki, safisha chini na nyuma, usiache chakula ndani usiku, na weka dawa ya kutega pembeni ya meza.

Umeme unaoliwa

Dakika tano kwa mashine inayokula wati 1,200 ni sehemu moja ya kumi ya yuniti. Ukiitumia dakika kumi kwa siku, ni yuniti sita kwa mwezi. Nusu saa kwa siku zinafika 18, na kwa nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kuivusha mpaka. Ndiyo sababu ya kutochemshia vitu virefu humu. Kwa sahani moja, haina mpinzani. Kwa chakula cha watu saba, washa gesi.

Ikiharibika

Sahani, ringi, maika na fyuzi ya plagi unaweza kubadilisha mwenyewe. Bodi ya nje usiifungue kamwe, hata ukiwa fundi redio. Ndani kuna kapasita inayobeba maelfu ya volti na inaweza kuua mtu hata mashine ikiwa imechomolewa. Tafuta fundi anayefanya kazi za maikrowevu hasa. Akianza kufungua bila kutaja kapasita, mwambie asante, beba mashine yako.

Zima na uiache ukiona cheche bila chuma ndani, ukisikia muungurumo mkubwa kuliko kawaida, ukinusa waya kuungua, au ikikupiga shoti ukiigusa. Na ikirudi kutoka kwa fundi, ipime. Maji ya kawaida mililita 250 kwenye kikombe, kijiti ndani, nguvu ya juu. Kwa wati 700 yanapaswa kuchemka ndani ya dakika mbili hadi mbili na nusu. Yakifika dakika nne, rudia kipimo mchana umeme ukiwa umetulia. Yakichelewa tena, magnetroni imechoka, na kabla hujakubali kulipia nyingine ulizia kwanza bei ya mashine mpya.